Mkorogo wa kwenye kompyuta usije gazetini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua barua yangu ni ndefu na mtaikata, ila mkikata msikate pale ninapoongelea mashine ya kuchapia, maana hapo ndo penyewe.

Mimi ni mpiga picha wa harusi na mahafali, nina studio ndogo Temeke, na gazeti lenu nalinunua Jumapili kwa ajili ya ule ukurasa wa harusi. Kwa kweli saivi ukurasa ule unanipa taabu. Bi harusi uso una rangi yake, shingo ina rangi yake, na mkono wenye piko alioweka begani kwa mume wake una rangi ya tatu. Mama yake mzazi amekaa pembeni na weusi wake wa kuzaliwa, yeye edita hakuwa na muda wa kumfikia. Mtu asiyejua anaweza kudhani binti ni wa kulea. Halafu ukifungua kurasa za habari mambo ni kinyume, wakulima wa korosho wamesimama chini ya mwembe jua la saa saba, nyuma yao uwanja unawaka, na nyuso hazionekani kabisa, unaona mashati na kofia tu, mmeandika majina sita chini ya picha na hakuna hata mmoja ambaye mke wake angemtambua.

Watu wanafikiri haya ni matatizo mawili tofauti, moja la urembo moja la uzembe. Mimi nasema ni moja, na linaanzia kwenye kamera kabla hata hatujafika kwenye kompyuta.

Kamera yoyote, iwe Canon, Nikon, Sony, ukiiacha ijiamulie yenyewe inapima mwanga kwa kudhani kwamba ukichanganya vitu vyote vilivyo mbele yake utapata kijivu cha kati, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Haijui kuna shela wala haijui kuna mtu mweusi. Sasa chukua harusi zetu, shela jeupe, mapambo meupe, kitambaa cheupe nyuma ya viti vya maharusi, keki nyeupe, kamera inaona weupe mwingi inasema hapa kumezidi, inapunguza mwanga. Shela linatoka la kijivu na uso wa bi harusi unazama shimoni. Dakika tano baadaye huyo huyo mpiga picha anamsogelea bwana harusi peke yake, suti nyeusi, pazia jeusi, ngozi nyeusi, kamera inaona giza inasema hapa pamepungua, inaongeza, na bwana harusi anatoka amepauka kama hajapaka mafuta wiki nzima. Kamera ile ile na ukumbi ule ule, ila mke na mume wamekosewa kila mmoja kwa upande wake.

Dawa ipo na haina gharama. Kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, karibu kila kamera kinacho, shela likijaa kwenye fremu unaongeza kama moja hivi, suti ikijaa unapunguza. Au unaiambia kamera ipime shavu la mtu na sio ukumbi mzima. Mafundi wengi wa siku hizi kitufe hicho hawajawahi kukigusa, amenunua kamera ya mtumba Kariakoo, amenunua lenzi ya milimita 50, kesho yake anapokea kazi ya send-off, atajifunza lini? Anajiambia nitarekebisha kwenye kuediti.

Na hapo kwenye kurekebisha ndo balaa linapozaliwa. Picha iliyopigwa JPEG, yaani ile ambayo kamera imeshaikamilisha na kuibana yenyewe, kila rangi ina ngazi 256 tu toka giza mpaka mwanga, wakati faili la RAW, yaani ghafi, la biti 14 lina ngazi 16,384, na zile chache za JPEG zilizobaki kwenye giza ndo alipo bi harusi wako. Ukivuta mwanga juu ngozi inajaa chenga, zile punje punje. Fundi anaziona chenga, anazifuta kwa kulainisha, akilainisha vinyweleo vinapotea, mstari wa kucheka unapotea, alama ya tetekuwanga aliyoipata utotoni inapotea, uso unakuwa wa plastiki. Plastiki nyeusi haipendezi, kwa hiyo anaing'arisha. Wengi hawakukaa chini wakasema leo namfanya huyu dada awe mweupe, wamefika hapo kwa kukimbizana na makosa, moja linazaa lingine, wateja wakasifia ikawa staili.

Nawapa siri moja ya kuwakamata, wasomaji wenzangu mnaweza kuifanyia kazi hata leo. Kwenye Lightroom, ile programu ya Adobe ya kuediti picha, kuna sehemu ya kuvuta rangi moja moja. Ngozi ya binadamu yeyote, awe Mmakonde awe Mswidi, kwa kompyuta inaangukia kwenye kundi la rangi ya chungwa, tofauti yetu kubwa ni kiasi cha mwanga. Kwa hiyo fundi mvivu anapandisha mwanga wa rangi ya chungwa basi, kazi imeisha, watu wote wameng'aa. Ila rangi ya chungwa haiko kwenye ngozi tu. Angalieni mlango wa mninga nyuma ya maharusi, angalieni udongo mwekundu wa uwanjani, angalieni chungu cha maua. Ukiona mninga umekuwa kama msonobari na udongo wa Dodoma umekuwa mchanga wa pwani, ujue mkorogo umepita hapo.

Walio mbele zaidi hawakamatwi kwa mlango. Toka mwishoni mwa 2022 Lightroom inaweza kumtambua mtu yenyewe na kumgawa vipande, ngozi ya uso peke yake, ngozi ya mwili peke yake, meno, midomo, nywele, na baadaye hata nguo. Ni chombo kizuri sana nakitumia kila siku, lakini fundi mwenye haraka anabonyeza ngozi ya uso, anavuta, anasahau kwamba shingo na mikono viko kwenye ngozi ya mwili. Ndo mnapata zile rangi tofauti nilizowaambia mwanzo. Wala sio siri ya chumbani, iko pale pale imechapwa kwenye ukurasa wenu na hakuna aliyeshtuka.

Sasa kuna wenzangu watanijibu kwamba lawama ni za wazungu waliotengeneza vifaa. Hilo lina ukweli na sitaki kulikwepa. Enzi za filamu, toka miaka ya 1950 hivi, Kodak walikuwa wanazipelekea maabara kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, mafundi wakawa wanaziita kadi za Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa kwenye kadi za mwanzo. Fundi anarekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley inatoka sawa, ikishatoka sawa ya Shirley basi na wewe wa Tandika utapita humo humo, ukitoka kama kivuli shauri yako. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zimekuja miaka ya 1990. Na kilichowasukuma Kodak kuboresha filamu yao, kwa mujibu wa utafiti wa mama mmoja msomi wa Chuo Kikuu cha Concordia kule Montreal, Lorna Roth, haikuwa malalamiko yetu, walilalamika watengeneza fenicha na watengeneza chokoleti, kwamba mbao nyeusi na mbao nyepesi zinatoka sawa kwenye matangazo, chokoleti chungu na ya maziwa hazitofautiani. Mbao zikasikilizwa. Nikilisoma hilo nacheka lakini sio kicheko cha raha.

Hata enzi hizi mpya haijaisha. Mwaka 2017 ile programu ya FaceApp ilitoka na filta ya kumfanya mtu avutie, watu weusi wakaitumia wakajikuta wamekuwa weupe na pua zimechongwa, kampuni ikaomba radhi ikasema programu ilifundishwa vibaya. Google nao mpaka Oktoba 2021 ndo wanatoa simu ya Pixel 6 yenye kitu walichokiita Real Tone, kamera iliyofundishwa kwa picha nyingi zaidi za watu wa rangi zetu, ni hatua nzuri ingawa kwetu mtaani Pixel ni za kutafuta. Tecno waliliona mapema, sehemu ya siri yao ya kulichukua soko la Afrika ni kutengeneza kamera ya simu inayomjali mtu mweusi, ila nao ukiwasha ile mode ya urembo ukaivuta mpaka mwisho unapata bibi harusi yule yule wa Jumapili.

Lakini lawama hizo zina mwisho. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali, alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, hana kompyuta, hana Photoshop, sehemu kubwa anapiga uani kwake kwa mwanga wa jua na kitambaa kimetundikwa nyuma, na wateja wake ni weusi kweli kweli, zitafuteni picha zake muone. Unaona mafuta yanavyong'aa kwenye paji la uso, unaona chale, unaona kila pindo la kitambaa cha kichwani. Au msiende mbali, ingieni Capital Art Studio pale Mji Mkongwe Zanzibar, studio iko pale toka 1930, angalieni zile za zamani za nyeusi na nyeupe ukutani. Filamu za wazee hao hazikutengenezwa kwa ajili yetu kuliko kamera zetu za leo, walichokuwa nacho ni kuelewa mwanga.

Na mwanga wenyewe kwa ngozi nyeusi sio wingi, hapa nitakaa kidogo maana vijana wanaharibu sana. Ngozi nyeusi haionekani kwa kumwagiwa mwanga, inaonekana kwa kuakisi. Ukimpiga mtu flashi ya usoni moja kwa moja unapata doa jeupe kwenye paji la uso na ncha ya pua, pembeni giza. Ukichukua taa hiyo hiyo ukaielekeza kwenye ukuta mweupe au kwenye mwavuli mkubwa ukaiweka upande wake, mwanga unateleza kwenye shavu, unashika mfupa, unashuka mpaka kwenye kidevu, na uso wote unasomeka bila kuongeza chochote kwenye kompyuta. Ndo maana huwa nawaomba wapambaji wasimkaushe bi harusi kwa poda mpaka akafa uso, kile king'ao kidogo wanachokipiga vita ndo rafiki yangu. Wananiona mkorofi. Na kwenye kumbi zenye zile taa za rangi, zambarau na bluu, ngozi ya kahawia inapoteza rangi yake inakuwa kama ya mgonjwa, hapo namwomba MC kwa adabu zote zizimwe zile za mbele wakati wa keki tu, wengine wanakubali wengine wananiambia fundi usitupangie.

Sasa turudi kwenu, Mhariri, maana harusi ni biashara ya watu na kila mtu na mapenzi yake, ila gazeti ni gazeti. Mnakumbuka kisa cha O.J. Simpson, yule mchezaji wa zamani wa mpira wa Kimarekani aliyeshtakiwa kwa mauaji? Toleo la tarehe 27 Juni 1994 jarida la Time lilimweka kwenye jalada lake kwa picha ile aliyopigwa na polisi, na Newsweek nao wiki hiyo hiyo wakaweka picha ile ile. Majarida mawili yamekaa bega kwa bega kwenye vibanda, watu wakaona Simpson wa Time ni mweusi kuliko Simpson wa Newsweek, kumbe msanii wao alimtia giza. Kelele zilizopigwa mpaka mhariri wa Time ilibidi ajieleze kwa wasomaji. Huyo alitiwa weusi akaonekana wa kutisha, sisi tunatia weupe ili mtu aonekane amependeza, naomba mtu anieleze tofauti iko wapi, maana mimi naona ni imani moja inafanya kazi kwa pande mbili. Na Lupita Nyong'o, Mkenya wetu huyu, Novemba 2017 aliwaka baada ya Grazia ya Uingereza kumfuta nywele zake za asili kwenye jalada, na mpiga picha akaomba radhi. Yeye ni staa, ana watu wa kumsikiliza. Binti wa Mbagala aliyetoka ukurasa wa 14 atamwandikia nani?

Mtaniambia picha za harusi mnaletewa na familia zikiwa tayari zimeshaeditiwa, hamna mkono. Sawa. Lakini za mahafali mnapiga wenyewe, maana jina la mpiga picha wenu liko chini yake, na wahitimu wameng'arishwa vile vile, majoho meusi yamebaki meusi na nyuso zimekuwa za chungwa. Huyo ni wa kwenu.

Wateja wanataka, ndo jibu la kila fundi. Ni kweli wanataka, sitawadanganya, wanakuja studio wananiambia kaka nitoe mweupe kidogo eeh, kama yule wa kwenye gazeti. Kama yule wa kwenye gazeti! Mnaona mzunguko ulivyo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini miaka mingi, mnaandika habari za kukamatwa kwake, mnapiga picha makatoni yakichomwa, halafu kurasa nne mbele mnauza matokeo yake bure. Mimi mteja akiniambia hivyo sibishani naye, nachapa mbili ndogo, moja kama anavyotaka na moja yenye rangi yake iliyopigwa vizuri, natoka naye mlangoni kwenye mwanga wa jua ashike zote karibu na mkono wake mwenyewe. Kuna wanaochukua ile nyeupe, ni hela yao, nawapa. Ila wengi wakiangalia mkono, wakaangalia picha, wakaangalia tena mkono, wanaanza kucheka. Mama mmoja alikuja kuchukua albamu ya binti yake iliyoanzwa na fundi mwingine, akaifungua akaniuliza, mwanangu, huyu mmempiga nani?

Na kisingizio cha programu kuwa ghali nacho kisitumike. Ni kweli Adobe toka 2013 walianza kuhamia kwenye kulipia kila mwezi, na ni hela, kwa hiyo vijana wanapewa Lightroom ya kukraki kwenye flashi ya kompyuta, imekuja na mafungu ya preseti, yaani mipangilio iliyoandaliwa tayari, ambayo kijana hajui yametengenezwa kwa ngozi ya nani, anabonyeza moja anaipaka harusi nzima picha mia nane. Lakini darktable ni bure, RawTherapee ni bure, GIMP ni bure, Snapseed kwenye simu ni bure, zote zinaweza kufungua kivuli bila kugusa rangi. Preseti sio dhambi, ila kila harusi ina mwanga wake.

Sasa ile mashine. Karatasi ya gazeti inakunywa wino, kila nukta ikigusa karatasi inatanuka, nukta ya asilimia 50 inaweza kutoka kama asilimia 70 na ushee. Na kiasi cha wino ambacho karatasi hiyo inabeba ni kidogo, jumla ya rangi zote nne huwa inawekewa mwisho wa kama asilimia 240, jarida la kung'aa linapita 300. Maana yake ni kwamba picha ikiwa na giza kwenye skrini, gazetini giza linajikunja linakuwa doa moja, na wa kwanza kumezwa ni mtu mweusi. Wakulima wa korosho wamekufa hapo. Meza yenu ya picha naamini wanaangalia kwenye skrini zilizowashwa mwanga wa mwisho, wanaona nyuso vizuri tu, wanatuma, asubuhi tunaletewa kofia. Na nahisi kung'arisha kwenu kulianzia hapo, mtu alichoka kuona nyuso zinazama akaamua kupandisha kila kitu kabla ya kutuma. Dawa hiyo inatibu ugonjwa mmoja inaleta mwingine, kwa sababu kufungua kivuli ili jicho na shavu visomeke sio sawa na kumbadilisha mtu rangi. Unaweza kumfungua mtu akabaki mweusi vile vile.

Ombi langu ni dogo. Shusheni mwanga wa skrini za meza ya picha, wekeni profaili ya karatasi ya gazeti ili mtu aone kitakachotoka kabla hakijatoka. Za harusi zinazoletwa zimeng'arishwa zirudisheni kwa familia waombwe ile halisi, wengi wanayo kwenye simu. Halafu usiku mmoja ambao mashine imeshamaliza toleo na karatasi za mwisho wa roli bado zipo, chukueni picha moja ya mtu mweusi sana, apigwe vizuri kivulini na mwanga wa pembeni, muichape mara tano, kila moja vivuli vimefunguliwa zaidi kidogo ya iliyotangulia bila rangi kuguswa. Asubuhi ikikauka mwiteni mtu mwenyewe asimame karibu na karatasi, mchague inayofanana naye, muibandike ukutani kwenye meza ya picha. Kama mtu mnakosa nitakuja mimi, rangi ninayo, nauli nitajilipia.

Wenu,
Mpiga picha wa Temeke,
Dar es Salaam